Mjomba Asiyezima Gari

Hii nimetumiwa na shemeji yangu asubuhi, nikashindwa kukaa nayo peke yangu. Isome taratibu, halafu mpelekee yule ndugu yako ambaye kila akija ana haraka.

Mzee Senzia wa Mwanga alikuwa na gari la spoti la zamani, jekundu, la watu wawili, alilolipenda kuliko usingizi. Asubuhi liliwaka bila matata. Lakini ukilizima likiwa la moto, utapiga stata mpaka betri iishe, na halitawaka.

Mzee hakumwambia mtu. Alibadilisha plagi, akabadilisha betri, akabadilisha na pampu ya mafuta. Kwa fundi alilipeleka jioni, fundi akalijaribu alfajiri, likiwa limelala usiku kucha, nalo likawaka kama linamcheka. Fundi akasema halina tatizo.

Basi mzee akajitungia dawa yake: hazimi. Akifika kwa watu anasalimia dirishani, injini inanguruma, anaaga, anaondoka. Msibani hivyo hivyo, ubatizoni hivyo hivyo. Watu wakasema ana maringo, tangu apate gari haoni chai yetu kuwa chai.

Aliyeumia zaidi ni dada yake, Nakijwa, aliyekaa juu mlimani, Usangi. Binti yake alikuwa karibu kuolewa, na katika ukoo wao mjomba ndiye humtoa bibi harusi nyumbani. Mzee Senzia alipopanda kuulizia maandalizi, dada alimpokea mlangoni, mwiko mkononi.

"Kaka, miaka yote hii hujakanyaga ndani kwangu. Zima gari, uingie ule. Kama huwezi, mwanangu atatolewa na mtu mwingine."

"Nina haraka kidogo, dada."

"Haya, nenda."

Mzee akautazama usukani. Kisha akazima.

"Sasa mbona hushuki?" dada akauliza.

"Halitawaka tena," akasema, na hapo hapo akamweleza yote. "Hayakuwa maringo, dada. Nilikuwa naona aibu."

Nakijwa hakucheka. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Fungua tuone."

Wakafungua boneti, joto likawapiga usoni. Chujio la petroli lilikuwa la kioo, na ndani yake mafuta yalikuwa yakitoa mapovu. Mzee akalifuata bomba la mafuta kwa macho: lilipita likigusana na eksozi, lile bomba la moshi. Petroli ilikuwa inachemka, na mvuke wake unaziba njia. Injini ikinguruma, feni inalipoza bomba na mafuta hayakai mahali pamoja. Likizimwa, joto lote linabaki palepale. Alikuwa amebadilisha kila kitu isipokuwa hicho, kwa sababu hakuwahi kufungua boneti likiwa la moto, watu wasije wakamwona.

"Liache wazi lipoe," dada akasema. "Hata hivyo makande hayajaiva."

Makande, mnayajua hayo mahindi na maharage, hayana haraka na mtu. Wakakaa. Wakaongea habari za marehemu mama yao, wakacheka mpaka machozi. Baada ya sahani ya pili mzee akatoka nje, akapiga stata. Gari likawaka.

Akabaki ameshika usukani. Gari lake lilihitaji akae kidogo, na dada yake naye miaka yote alikuwa anaomba hicho hicho.

Safari hii alilipeleka kwa fundi likiwa la moto. Bomba likahamishwa mbali na eksozi, na katikati kikawekwa kipande cha bati cha kuzuia joto.

Siku ya harusi alifika mchana, jua kali, akazima mbele ya watu wote. Akasalimia mmoja mmoja, akala, akacheza. Wakati wa kumtoa bibi harusi ulipofika, uwanja ulinyamaza, maana habari za lile gari zilikuwa zimeshazunguka mlima mzima. Bibi harusi akapanda. Mjomba akageuza ufunguo.

Likawaka mara moja. Matarumbeta yakaitikia, vigelegele vikapaa, na Nakijwa akarukaruka kama msichana.

Mzee Senzia akaona haitoshi. Akalizungusha uwanjani mpaka likapata moto, akalizima tena, makusudi, akaliwasha upya, ili na waliosimama nyuma wasikie.

Funzo: Aibu unayoificha, watu huiona kiburi. Kwa wanaokupenda, zima injini, fungua boneti, na ukae mpaka makande yaive.