Mdomo wa Kinu cha Mvuke

Ngamia hufungwa macho, mvuke haufungwi mdomo.

Saumu na wenzake walilisikia neno hili alasiri moja, watu walipokuja kumposa Saumu mwenyewe. Alitaka kusema jambo juu ya huyo mchumba, na mjomba wake akamkata kauli: "Wewe nyamaza, wakubwa wanaongea." Bi Batuli, bibi yake Saumu, alikuwa pembeni akipepeta ufuta. Hakuinua hata uso. Alilisema tu neno hilo, na mjomba akakohoa, akaanza kutafuta viatu vyake.

Alipokwisha kutoka pamoja na wageni, vijana wakamsogelea bibi.

"Bibi, huyo ngamia na huo mvuke walikutana wapi?" akauliza Saumu.

Bi Batuli akauweka ungo magotini. "Walikutana hapa hapa mjini," akasema. "Methali hii ilianza hivi."

Zamani mji huu ulipikia mafuta ya ufuta, na mafuta yote yalitoka katika kinu kimoja, kinu cha Bwana Lali. Kilikuwa gogo kubwa lililochimbwa katikati, ndani yake umesimama mchi mzito uliofungwa kwenye boriti. Ngamia aliivuta boriti ile akizunguka tangu asubuhi mpaka jioni. Alifungwa macho kwa vikapu vidogo vya ukindu asije akapata kizunguzungu, na ili adhani kwamba anakwenda safari.

Watu wa kinu walikuwa na desturi waliyoishika kama dini: tone lisivuje. Kila mmoja alitembea na kifuko cha pamba na nta kiunoni. Palipoonekana unyevu kwenye ufa, mtu hakuuliza. Alisokota pamba, akaipaka nta, akaziba. "Kinachovuja kimeibwa," ndivyo walivyosema.

Ukuta kwa ukuta na kinu hicho aliishi Fundi Shekuwe, mfua shaba, pamoja na mkewe Somoe na binti yao mdogo, Tima. Shekuwe ujana wake ulikwisha katika meli za moshi, akitia makaa tanuruni. Huko aliwasikia mafundi wa Kizungu wakigombania ni nani aliyebuni mtambo wa mvuke. Huyu alimtaja mtu wa kwao, yule naye akamtaja wa kwao, na wa tatu akasema hao wote walimwibia mtu mwingine aliyekufa maskini. Walifika hata kurushiana vikombe. Shekuwe alisikiliza huku akichota makaa, na alipotelemka melini alikuja na mambo mawili moyoni: mtambo, na jina.

"Siku moja," alimwambia mkewe, "ngamia wa Bwana Lali atapumzika, na watu watasema, hiki ni kinu cha Shekuwe."

Somoe alicheka, lakini alikunja mikono ya kanzu yake akaingia kazini. Alizaliwa katika nyumba ya wafua shaba. Baba yake hakujaliwa mtoto wa kiume, basi alimfundisha yeye kufua na kulehemu, ila ndani ya ua, mlango ukiwa umefungwa. Watu wa mji walijua mabirika ya mzee yule kwa uzuri wake. Hawakujua nusu yake ilitoka katika mikono ya nani.

Wakatengeneza pipa la shaba la kuchemshia maji, na kando yake mwanzi mnene wa shaba wenye mchi mwingine mdogo ndani, ili mvuke uusukume mchi, na mchi uzungushe kinu. Mara ya kwanza mvuke ulipenya kando ya mchi. Mtambo ukakoroma kama mzee mwenye pumu, wala haukusogea. Somoe akakata ukanda wa ngozi ya mbuzi, akauloweka katika mafuta ya ufuta, akauvika mchi. Safari hii mchi ulipanda, ukakwama huko juu. Shekuwe akakuna kichwa, akatia bilula ya kufungua na kufunga, mvuke uingie na utoke kwa zamu. Mchi ukapanda ukashuka. Wote wawili wakashangilia kama watoto, wakaongeza kuni.

Pipa likapasuka.

Kipande cha shaba kikapita juu ya kichwa cha Tima, aliyekuwa akichezea mchanga, kikazama ukutani. Somoe alimbeba mwanawe akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika kuwa anabanwa.

Jioni aliinjika kunde, akakaa akizitazama kwa sababu hakuwa na nguvu ya kufanya jingine. Kifuniko cha chungu kikainuka, kikatoa pumzi, kikaanguka. Kikainuka tena.

"Baba Tima," akaita. "Njoo."

"Kunde zimeungua?"

"Hazikuungua. Niambie, chungu hiki nimekipikia tangu unioe. Mbona hakijapasuka?"

Shekuwe akatazama. Kifuniko kikainuka, kikaanguka.

"Kwa sababu hakikufungwa," akasema polepole.

Somoe akatoboa tundu juu ya pipa jipya, akalifunika kwa kisahani cha shaba, na juu ya kisahani akaweka pande zito la madini ya risasi. Mvuke ulipozidi, ulikiinua kisahani, ukalia *fyuuu*, kisha ukakiachia. "Ukishiba utasema wenyewe," akasema Somoe. Wakakiita kile kisahani mdomo.

Siku ile Shekuwe aliishika mikono ya mkewe yenye makovu ya moto. "Kitakapozunguka mbele ya watu," akamwambia, "nitasimama niseme: mdomo huu ni kazi ya mke wangu, Somoe."

Somoe hakuwa ameliomba neno hilo. Lakini lilipokwisha kusemwa, akalitaka. Alilitaka kuliko kanga mpya, kuliko bangili. Watu walimjua kwa jina la baba yake, kisha kwa la mumewe, kisha kwa la mtoto. Mara moja tu, alitaka jina lake litajwe pamoja na kitu alichokitengeneza.

Ikafika siku. Bwana Lali alikubali mtambo ujaribiwe kinuni kwake, na mji mzima ukajaa pale. Ngamia alifunguliwa boriti akasimamishwa pembeni. Hakuna aliyekumbuka kumvua vile vikapu vya machoni. Wanawake walikaa mlango wa nyuma, Somoe akiwa mbele yao.

Shekuwe akafungua bilula. Mchi ukapanda, ukashuka, na kinu kikazunguka bila ngamia. Watu wakapiga kelele, wengine wakakimbia, wengine wakarudi.

"Kinu cha Shekuwe!" mtu mmoja akapaza sauti, na wote wakamwitikia.

Bwana Lali akamshika fundi begani. "Fundi, haya umeyabuni mwenyewe?"

Somoe akazuia pumzi. Shekuwe alitupa jicho mlango wa nyuma, kisha akawatazama watu wote wale waliokuwa wakilitaja jina lake.

"Mwenyewe, bwana."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Mimi na Mungu."

Jirani mmoja akamgusa Somoe kwa kiwiko. "Si uliniambia mumeo atakutaja?"

"Atanitaja," akajibu Somoe. "Bado hajamaliza."

Hapo mvuke ukashiba. Kisahani kikainuka, *fyuuu*, na wingu jeupe likapanda darini. Bwana Lali akakunja uso.

"Na hicho nini?"

"Mvuke, bwana. Umezidi, unatoka."

"Kuni za nani zimeuchemsha?"

"Zako, bwana."

"Basi ni mali yangu inayokwenda angani! Kale, macho yako yako wapi? Kinavuja!"

Kale alikuwa mkubwa wa wakamuaji, mtu aliyejivunia kwamba kinu hakijawahi kumwaga tone mbele yake. Mkono ulikwisha kufika kifukoni. Akasokota pamba, akaipaka nta, akaziba. Nta ikayeyuka ikamchuruzika vidoleni, watu wakamcheka. Kale akaona haya. Akachukua waya wa shaba katika vyombo vya Shekuwe mwenyewe, akakifunga kile kisahani na pande lake la risasi kwa pipa, mara mbili, mara tatu, akakaza kwa koleo.

Shekuwe alifungua kinywa. Alijua. Lakini kueleza kwa nini mdomo ule usifungwe, ilimpasa aeleze pipa lililopasuka, na chungu cha kunde, na nani aliyekaa akikitazama. Na neno "peke yangu" lilikuwa bado halijapoa midomoni mwake.

"Kidogo tu, bwana," akasema. "Si kitu."

Somoe akaruka kizingiti. "Usiufunge! Huo ni mdomo wake! Baba Tima, mwambie!"

Bwana Lali akageuka akitabasamu. "Fundi, kinu chako kina mdomo, na mkeo naye ana mdomo. Tuuzibe upi kwanza?"

Wanaume wakaangua kicheko. Uso wa Shekuwe ukabadilika.

"Mama Tima, nyamaza," akasema. "Mambo ya mtambo umeyajulia wapi wewe?"

Somoe akanyamaza. Mpaka kufa kwake alisema kwamba mengine yote angeweza kuyasamehe, lakini kule kunyamaza kwake mwenyewe hakukusamehe.

Alirudi nyuma, akamchukua Tima mgongoni, akatoka nje. Nyuma yake ile *fyuuu* haikusikika tena. Kinu kilikwenda mbio kuliko mwanzo, na watu walishangilia kuliko mwanzo. Wanasema Shekuwe aliinama juu ya pipa, koleo mkononi. Labda alikuwa akienda kuufungua waya. Labda alitaka tu waliokuwa mbali wamwone. Hilo halikujulikana kamwe.

Kishindo kilipolia, Somoe hakuuliza ni nini.

Kale alizikwa siku ile ile. Shekuwe alitolewa hai, lakini maji ya moto yalikuwa yamemwondolea macho yote mawili. Na pale pembeni, katikati ya moshi na mayowe, yule ngamia alidhani amehimizwa. Akaanza kuzunguka peke yake, hana boriti, hana mchi, akienda safari yake.

Baada ya matanga Bwana Lali akamfunga ngamia tena kwenye kinu. Alipoulizwa, alisema mtambo ulikuwa mzuri, ila uliingiliwa na mkosi wa maneno ya mwanamke.

Shekuwe sasa alikaa barazani mwake, kitambaa kimefungwa machoni. Alikwenda Somoe alikomshika mkono kumpeleka, na Somoe aliposimama, naye alisimama. Watu walimhurumia, wakaja kuzungumza naye, na mazungumzo yalikuwa ni kinu tu.

"Nilikipa mdomo," alikuwa akisema, "wao wakauziba. Mimi nilijua."

Kila alipokisimulia kisa hicho kilizidi kunenepa. Siku moja Somoe, akiwa nyuma ya pazia akitayarisha kahawa, alimsikia akisema: "Nilikuwa nimekaa jikoni, nazitazama kunde zikichemka. Nikajiuliza, mbona chungu hiki hakipasuki?"

"Ajabu!" akasema mgeni mmoja. "Akili yako, fundi, ni akili ya waliobuni meli. Wake zetu wanatazama vyungu maisha yao yote, na hakuna walichokiona ila mchuzi."

Wakacheka. Shekuwe naye akacheka.

Somoe akatoka na sinia la vikombe, akaliweka chini. Alikitazama kile kitambaa machoni mwa mumewe. Ukutani, upande wa pili, alisikia njuga za ngamia zikizunguka.

"Ngamia hufungwa macho," akasema, "mvuke haufungwi mdomo."

Wanaume wakamtazama, wakidhani amechanganyikiwa. Akawaambia yote, tena akiwa wima: nani alikata ukanda wa ngozi, nani alitoboa tundu, kunde zilikuwa za nani, na ahadi gani alipewa mikono yake ikiwa imeshikwa. Hakupaza sauti, na hakulia. Kahawa ikapoa vikombeni.

Shekuwe aligeuza uso kuifuata sauti yake. Wote wakamngoja.

"Mama Tima," akasema, "umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi nipe kahawa."

Hakukana, na hakukubali. Kuanzia siku ile mpaka alipokufa hakulitaja tena jambo hilo, wala Somoe hakurudia. Alimpa kahawa yake. Alimshika mkono akampeleka msikitini na kumrudisha, kama jana yake.

Bi Batuli akauchukua tena ungo wake. "Tima alikuwa mama yangu," akasema. "Ile *fyuuu* alikuwa akituigia tukiwa watoto, tukimwomba."

"Na neno likaenea mjini?" akauliza Saumu.

"Kesho yake asubuhi lilikuwa sokoni. Waliokuwa pale barazani walilipenda, wakalibeba. Mtu akionewa akasema, walimtetea kwa methali hiyo. Mume akimfokea mke, walimwonya kwayo. Na kila walipolitaja walisema, 'kama alivyonena Fundi Shekuwe.'"

Saumu akasogea karibu.

"Somoe alisikia hivyo, Bibi? Alikuwa hai?"

"Alikuwa hai. Alisikia kwa miaka mingi."

"Akafanya nini?"

"Alipika kunde," akasema Bi Batuli, na akapepeta ufuta, makapi yakaruka.

Viatu vya mjomba vikasikika vikirudi ukumbini. Alikuwa amesahau fimbo yake. Saumu akasimama. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ilitoka.

"Mjomba, kaa kidogo. Kuna neno nilikuwa sijalimaliza. Ngamia hufungwa macho, mvuke haufungwi mdomo. Alinena Somoe."