Yatolewe Yote

Hapo zamani za kale, ila si za kale mno, maana tayari wakubwa walikuwa wameanza kuitwa Waheshimiwa, palikuwa na nchi ya wanyama yenye ikulu, mawaziri, foleni, na utando.

Utando, ndiyo. Ninyi wa leo mnasema tovuti, mnaifungua kwa kidole. Wao utando wao ulitandwa kweli, katikati ya nguzo mbili za lango la ikulu, na ndimo yalimoandikwa maneno yote ya serikali: nani kateuliwa, daraja gani limevunjika, siku gani Mamba kasafiri na kivuko ni salama.

Aliyeusuka alikuwa Bi Buibui. Msicheke! Sisemi lile vazi la shangazi zenu. Nasema buibui mwenye miguu minane, karani wa utando, mwajiriwa wa serikali. Na shoga yake alikuwa Mama Kanga, naye pia si kanga ya kujifunga, ni ndege mwenye madoadoa na vifaranga kumi na kimoja. Sijafungua duka la nguo hapa, nasimulia hadithi.

Bi Buibui aliuanza utando enzi za Tembo. Tembo alipoondoka akaingia Kifaru, na Kifaru siku ya kwanza tu aliinamisha kichwa, akaupitishia pembe utando mzima. Chaaa! Maneno ya Tembo yakaisha pale pale, pamoja na orodha ya mizizi inayotibu tumbo la watoto. Mwaka ule watoto wengi waliumwa tumbo, na hapana aliyekumbuka mzizi upi huchemshwa na upi hutafunwa. Bi Buibui alilia kwa macho yote manane. Akasema moyoni, "Haya hayatanikuta mara ya pili."

Kifaru naye, pamoja na ukali wake, aliacha neno moja jema. Siku moja alikwama topeni hadi shingoni. Wakubwa wenzake walimpita wakimpa pole. Waliomchimbua ni wadogo: panya, fuko, kwale, kanga, kwa kucha na midomo, kutwa nzima. Alipotoka, bado anadondoka tope, akamwambia Bi Buibui, "Andika! Bwawa la Matete ni la wote. Kiangazi, wadogo hunywa kwanza." Bi Buibui akaandika upesi, kabla mkubwa hajakauka tope akasahau.

Basi, siku za Kifaru zikaisha. Uchaguzi ukaja, Kiboko akashinda. Alishinda kwa mdomo mpana, na mdomo anao.

Asubuhi ya kukabidhiwa ofisi, kabla hata hajajaribu kiti kama kinamtosha, Kiboko alikwenda langoni. Nyuma yake alikuja Waziri wa Habari, Bwana Ngiri, anakimbia tuti-tuti-tuti, mkia juu kama mlingoti.

"Puuuh!" Kiboko akapumua, utando ukayumba. "Wewe mdudu! Maneno haya ya nani?"

"Ya serikali, Mheshimiwa," akajibu Bi Buibui.

"Serikali ni mimi. Na mimi sikumbuki kusema kwamba bwawa langu ni la wote!"

"Aliyasema Mheshimiwa Kifaru."

"Fahali wawili hawakai zizi moja," akadakia Ngiri, "na maneno ya wakubwa wawili hayakai utando mmoja. Au siyo, Mheshimiwa?"

"Ndiyo hivyo," akasema Kiboko. Alikuwa na wake, mashemeji na binamu, wote wapenda kuoga, na kiangazi kilikuwa kinabisha hodi. "Maneno yote ya Kifaru yatolewe!"

Mama Kanga alikuwa karibu, anawachakuria watoto. Aliposikia hivyo akakimbilia nguzoni.

"Shoga, tumekwisha!" akanong'ona. "Kabla ya neno lile, kiangazi nilizika vifaranga sita kwa kiu. Sita, Bi Buibui! Wakubwa walikunywa, wakaoga, wakatuachia matope. Likitoka neno hili, nitamwonyesha nani nini?"

Bi Buibui aliogopa. Lakini alikuwa karani wa siku nyingi, na karani wa siku nyingi husikiliza amri kwa sikio lake, si kwa sikio la mkubwa.

"Mheshimiwa, samahani," akasema kwa adabu. "Mimi mtumishi tu, sitaki kukosea. Umesema yatolewe?"

"Yatolewe!"

"Yote?"

"Yote! Lisibaki hata moja ambalo halijatolewa!"

"Hapa langoni tu, au kote nchini?"

"Kote! Una masikio wewe?"

"Sina, Mheshimiwa, ndiyo maana naomba kwa maandishi."

Kiboko akacheka, hooo-ho-ho! Aliona raha kuandikiwa amri yake ya kwanza. Ngiri akaandika kwenye jani la mgomba: *Maneno yote ya Kifaru yatolewe, kote nchini, kabla ya jua kutua.* Kiboko akakanyaga unyayo wake chini ya maandishi, tifu! Amri ikawa amri.

Sasa wakubwa wana kasoro moja, wanangu: hawatazami pembeni mwa dari. Wangetazama wangejua kwamba kila nyumba ina buibui wake. Nyumba ya panya inaye, shimo la fuko linaye, hata ikulu wamo. Na wote ni ukoo mmoja.

Bi Buibui alivuta uzi mmoja, tin! Binamu yake wa nyumba ya pili akavuta wake, tin! Shangazi yake wa kichuguuni, tin-tin! Habari ikakimbia kwa nyuzi toka paa hadi paa. Jua lilipoinama, kila pembe ya kila nyumba ilikuwa na utando mpya, na katika kila utando maneno ya Kifaru yote, kwa mwandiko mzuri. Langoni pa ikulu akaacha nguzo mbili tupu. Kiboko alipopita akatabasamu, akaenda zake kula.

Kesho yake asubuhi Kiboko aliingia bafuni. Chubwi! Akajilaza chali kwenye karai lake, akafumba macho, akafumbua. Juu yake, darini, pameandikwa: *Kiangazi, wadogo hunywa kwanza.*

"Mume wangu," mkewe akaita toka jikoni, "mbona hata juu ya chungu changu imeandikwa bwawa ni la wote? Hii ndiyo sera mpya?"

Kelele aliyoipiga Kiboko iliwaangusha kwale matawini. Bi Buibui akaletwa mbele ya ikulu, na watu wakajaa, maana kesi ya mdogo na mkubwa haina kiingilio.

"Nilikuamuru nini?" akanguruma Kiboko.

"Uliamuru yatolewe, Mheshimiwa. Nimeyatoa. Yote, kote nchini, kabla ya jua kutua. Unyayo wako huu hapa."

"Kutoa ni kuondoa!" akapayuka Ngiri.

"Kumbe?" akasema Bi Buibui. "Bwana Ngiri, ulipomwoa mkeo ulitoa mahari. Uliiondoa au uliipeleka?"

"Niliipeleka, lakini..."

"Na serikali inapotoa tangazo, hulificha?"

"Hailifichi, lakini..."

"Basi wahenga walisema kutoa ni moyo, nami nimetoa kwa moyo wangu wote."

Kwi-kwi-kwi! Wakaanza panya. Wakafuata kwale. Hata Nyati, ambaye kwa kawaida hacheki mpaka aelezwe, akafuta chozi. Kiboko akautazama unyayo wake kwenye jani. Kumwadhibu karani ni kusema amri ya kwanza ya Mheshimiwa ilikuwa na kosa, na Mheshimiwa gani anakosea siku ya kwanza?

Akamtuma Ngiri aende nyumba kwa nyumba akazifute tando. Ngiri akaanzia kwa Panya. Akaingiza kichwa, meno yakakwama mlangoni. Walimvuta miguu ya nyuma kuanzia saa tatu hadi adhuhuri, akatoka, pwaa, na mlango wa Panya shingoni. Zoezi likasitishwa kwa sababu za kiufundi.

"Sasa nimepata dawa," akasema Kiboko. "Maandishi yakae hukohuko darini, lakini asiyaseme mtu! Karani, andika: ni marufuku kusema maneno yale!"

"Maneno yapi, Mheshimiwa?"

"Yale!"

"Nikiandika 'yale' tu, wananchi watadhani ni shikamoo na marahaba, waache kusalimiana. Sheria sharti ieleweke."

Ngiri akatikisa kichwa. "Hapo kasema kweli, Mheshimiwa. Sheria isiyoeleweka huleta rufaa."

Kiboko akatamka mwenyewe, neno kwa neno, na Bi Buibui akaandika bila kuinua uso: *Ni marufuku kwa yeyote kusema kwamba Bwawa la Matete ni la wote na kwamba kiangazi wadogo hunywa kwanza.*

"Na adhabu, Mheshimiwa? Marufuku isiyo na adhabu ni ushauri tu."

"Atakayesema hatatia mguu bwawani mpaka mvua zinyeshe! Yeyote! Awe mkubwa, awe mdogo!" Hilo la mwisho alilisema kwa kuwa lilikuwa na sauti nzuri. Tifu! Unyayo.

Ngiri akatumwa aitangaze sheria hiyo. Wiki nzima alizunguka nchi, mkia juu, akisimama kila kichuguu na kupaza sauti: "Ni marufuku kusema kwamba Bwawa la Matete ni la wote! Ni marufuku kusema kwamba kiangazi wadogo hunywa kwanza!" Akaisoma mpaka koo likamkauka. Waliokuwa wamelisahau neno la Kifaru wakakumbuka. Kobe, aliyeishi mbali kabisa, ndani ya gamba lisilo na pembe ya kutanda, na asiyewahi kufika langoni maisha yake yote, alitoa kichwa nje.

"Ala! Wadogo hunywa kwanza? Sikuwa na habari." Akaanza safari siku ileile, ili afike kwa wakati.

Kiangazi kikaingia. Visima vikakauka, majani yakawa ya kuvunjika. Likabaki Bwawa la Matete peke yake, na humo wamejaa Kiboko na wake na mashemeji na binamu, wanapuliza maji, puuuh, puuuh!

Bi Buibui alikwenda kukaa juu ya tete moja, ukingoni. Aliona vumbi kwa mbali, akawatambua. Mbele Mama Kanga na vifaranga vyake, anavihesabu kila hatua. Nyuma panya, fuko, kwale, na mwisho kabisa Kobe. Nyuma ya Kobe wakaja wakubwa: Nyati, Twiga, Pundamilia. Nao wakasimama kando, wakasubiri, kama wanaojua zamu. Walikuwa wameyasikia maneno yale kwa Ngiri, tena mara nyingi.

Kifaranga cha mwisho kilikuwa kinayumba kwa kiu. Bi Buibui alikitazama, akawaza. Ujanja wote ule, na kama Kiboko angefumba tu mdomo ule na kuwakanyaga, ungekuwa bure.

Lakini Kiboko kufumba mdomo hajui.

"Ninyi! Mnakwenda wapi?"

Mama Kanga akainamisha kichwa, akanywa. Kifaranga cha kwanza kikanywa, cha pili kikanywa.

"Ngiri! Wanavunja sheria! Wakamate!"

Ngiri akafungua jani, akasoma kwa pua. "Ni marufuku kusema, Mheshimiwa. Hawa hawasemi. Wanakunywa tu."

"Lakini wanajua! Nani amewaambia? Nauliza, nani hapa amesema kwamba bwawa ni la wote na kiangazi wadogo hunywa kwanza?"

Sauti yake ikaenda hadi ng'ambo, ikarudi: *kwanza... anza... anza...*

Panya wakaacha kunywa. Nyati akakuna sikio, akafikiri, kisha akasema polepole, "Mheshimiwa, umesema."

"Nimesema nini?"

"Yale yaliyo marufuku. Tumesikia sote."

"Mimi ndiye mkubwa!"

"Awe mkubwa, awe mdogo," akasoma Ngiri, akajutia mdomo wake papo hapo, lakini neno lilikwisha toka. "Hatatia mguu bwawani mpaka mvua zinyeshe. Unyayo ni wako, Mheshimiwa. Naufahamu, niliushikia jani."

Kiboko akatazama kulia, akatazama kushoto. Mashemeji wakazama, yakabaki matundu ya pua. Mkewe akageukia upande wa pili, akajifanya anasugua kisigino.

Akatoka. Chururu-chururu, maji yakimdondoka, hatua moja baada ya nyingine, mpaka juani. Akasimama pale ngozi ikianza kumvuta, akimpisha Kobe, ambaye ndiyo kwanza anafika, na ambaye kwa heshima alimwamkia: "Shikamoo, Mheshimiwa." Kisha Kobe akaingia majini, akanywa taratibu, mwendo wake uleule.

Vifaranga vyote kumi na kimoja vilikunywa siku ile. Na juu ya matete Bi Buibui alikuwa kazini: akaandika neno la Kifaru, na chini yake marufuku ya Kiboko, yote mawili, kwa mwandiko mmoja, tarehe juu.

Basi, wanangu, anayetaka kulipiga neno marufuku, hana budi kulitaja.