Bi Kidawa na Matiara ya Sultani

Palikuwa na Sultani huko Shamvuni, Mwinyi Shaali, mtu wa tumbo kubwa na subira ndogo, aliyeamuru raia wake wote waende sokoni kwa kuruka hewani.

Msicheke kwanza. Kati ya kilima na soko palikuwa na bwawa la tope, na tope lile lilikula viatu vya watu bila huruma. Ndipo shemeji yake Sultani, tajiri Nasibu, akaleta matiara. Si haya ya watoto, la! Makubwa kama paa la nyumba, na chini yake limening'inizwa tenga la kukalia mtu. Unapanda kilimani, upepo unakunyanyua, punda walio ng'ambo wanakuvuta kwa kamba. Watu wakapenda. Hata bibi harusi mmoja alipelekwa kwa mumewe hivyo, akafika bila ukaya wake wa kichwani, lakini akafika.

Mpaka siku lilipopanda tiara la Vuai, mpiga mbiu wa Sultani. Lilipinda, likayumba, likapiga pua chini. Vuai akatoboa makuti ya Bi Kidawa, muuza mbaazi, akatua junguni. Bahati mbaazi zilikuwa zimepoa. Mguu ulivunjika, na tui lilimjaa masikioni hata wakawa wanamfunga banzi naye anauliza, "Mnasemaje?"

Tangu hapo Bi Kidawa akawa anamwambia kila mteja, "Matiara yote yashushwe, mpaka ijulikane lile limeangushwa na nini." Watu wakakunja suruali, wakarudi topeni.

Sultani akafura. "Mleteni! Atapanda yeye, mji mzima ukitazama!"

Askari wakamfuata. Bi Kidawa alikuwa mjane, hana mtetezi, akakwea kilima kile. Mwili wote uliogopa isipokuwa ulimi.

"Wewe ndiye unayewatisha watu wangu?" Sultani akanguruma.

"Hasha, Maulana. Aliyewatisha ni Vuai, alipoingia jikoni kwangu bila hodi."

Watu wakaziba midomo.

"Limeanguka moja tu! Yai moja likiwa viza, utachinja kuku wako wote?"

"Siwachinji, Maulana. Ila mayai yaliyobaki nayavunja kwanza kwenye bakuli. Siyavunji mdomoni mwa mgeni."

Tajiri Nasibu akaona mambo yanaharibika. Akaruka mbele. "Kosa ni la Vuai mwenyewe! Alipiga chafya kule juu!"

"Chombo kinachoangushwa na chafya, Bwana Nasibu, ni chombo au ni mshumaa?"

"Basi ulikuwa upepo!"

"Loo! Na haya mengine yanarushwa na nini? Uji?"

Kilima kizima kikacheka, hata askari. Sultani akapiga fimbo chini. "Basi! Mimi nasema ni salama. Ingia tengani!"

Bi Kidawa akatazama bwawa kule chini. Akaingia. Tenga likalia kwaa. Akakaa, akajifunga kanga vizuri, kisha akasogea upande mmoja na kupapasa nafasi iliyobaki.

"Amri nimeitii, Maulana. Ila mimi mama mtu mzima, naogopa kwenda peke yangu. Naomba Bwana Nasibu anisindikize. Yeye ndiye mwenye mali, anaijua."

"Ombi dogo hilo," akasema Sultani. "Shemeji, panda."

Nasibu akaguna. "Mimi... nimekula kisamvu, Maulana."

"Panda."

"Kiuno changu..."

"Panda, nimesema!"

Askari wakamshika makwapa. Mguu mmoja ulipoingia tengani, tajiri akapiga ukelele kama mbuzi wa Idi: "Msilirushe! Kamba zote nilizinunua kwa mtu mmoja! Zote zimeliwa na panya, kama ile ya Vuai!"

Macho yote yakageukia tenga. Bi Kidawa alishatoka tengani zamani, hakuna aliyeona alivyotoka.

Sultani, ambaye asubuhi ile alipanga kumrusha mkewe mdogo, akageuka rangi. Akaamuru matiara yote yashushwe, kamba zichomwe, na Nasibu awe anavusha watu bwawani mgongoni mwake. Watu wakashangilia. Lakini wakawa wanashangilia, "Bi Kidawa! Bi Kidawa!" na hilo Sultani halikumpendeza hata kidogo.

"Nyamazeni! Sikuyazuia kwa maneno ya muuza mbaazi! Nimeyazuia kwa hekima yangu mwenyewe. Imenishukia sasa hivi kutoka juu, ikatua hapa!" Akajigonga kichwani.

Bi Kidawa akainama kwa adabu.

"Alhamdulillahi, Maulana. Bahati yetu, hiyo imeangukia mahali patupu."