Mwali Aliyemtazama Fisi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakiposana na kualikana pilau, Fisi alivaa kanzu akaenda kumposa Mwanamvua, binti wa Mama Paa. Alikwenda peke yake, bila mshenga. Jamani, nani anakwenda kuposa bila mshenga?

"Hodi, mama mkwe."

"Karibu, baba," Mama Paa akajibu, akamtandikia mkeka. Angefanyaje? Alikuwa mjane, nyumba yake ya fito, na Fisi akikasirika fito si kitu.

Mwanamvua akaletwa, akakaa mkekani kichwa chini, kimya. Ndiyo desturi, mwali haongei mbele ya mchumba. Ila hakuna desturi iliyomkataza kuchungulia.

"Nitamtunza," Fisi akasema kwa sauti laini. "Nitamlisha vizuri, anenepe."

Maneno matamu kweli. Lakini Mwanamvua aliona mchumba hamtazami usoni. Macho yalikuwa pajani, yakapanda mgongoni, yakarudi pajani. Kisha mate yakamshuka Fisi kooni, gudu.

Binti akaingiwa na hofu. Huyu hakuja kuoa, alikuja kula. Na akisema neno, Fisi atajua ameshtukiwa, atawamaliza wote wawili papo hapo.

Basi hakusema. Aliinua uso taratibu, akamtazama Fisi vilevile alivyotazamwa. Akaanza pajani. Akapanda mgongoni. Akarudi pajani. Gudu.

Fisi akavuta kanzu kufunika miguu. "Mama mkwe, mbona mwenzangu ananitazama hivi?"

"Labda amekupenda, baba."

Mwanamvua akasimama, akamzunguka polepole. Akambonyeza bega, kama watu wanavyobonyeza parachichi sokoni, akakunja uso. Akambonyeza paja. Hapo akatabasamu mpaka magego yakaonekana. Halafu akamgeukia mama yake, akanyoosha kidevu kuelekea jikoni, kwenye chungu kilichokuwa kikichemka tokotoko.

Mama Paa si wa kuambiwa mara mbili. Akafunua chungu, akachungulia ndani. Akamtazama Fisi, akatazama chungu, akamtazama tena Fisi, kama mtu anayepima.

Fisi akaanza kutokwa jasho. "Na marehemu baba mkwe," akauliza kwa sauti ndogo, "alikufa kwa ugonjwa gani?"

Mama Paa akaguna tu, akajifuta mdomo.

"Lo, nimemsahau mshenga wangu njiani," Fisi akasema, tayari yuko mlangoni. "Ngojeni nikamlete."

Akatoka puru. Kanzu ikanasa kwenye fito, ikapasuka chwaa, wala hakugeuka kuiangalia.

Mama Paa akamkumbatia mwanawe, akacheka na kulia kwa pamoja. "Mwanangu, na hukusema hata neno moja."

Kisha wakapakua chakula. Chunguni mlikuwa na kisamvu.

Ndivyo ilivyo, wanangu: mwenye jicho la kula hudhani kila anayemtazama anataka kumla.