Mwesongo na Udongo wa Kwemdolo

Sogeeni, na huyo anayekwaruza sufuria aache, maana jina hili halitajwi juu ya kelele. Zamani za mababu wa mababu zetu, wakati Kwemdolo ilikuwa kilima cha nyasi na ngedere, alikuwako Mwesongo binti Semkali, wa ukoo wa Wamgoli, Mwesongo wa nyayo pana, aliyebeba magogo mawili begani huku akimtania mumewe aliyebeba jembe. Wako wanaosema alikuwa mwanamume. Waongo hao, na wanajua.

Yeye ndiye aliyewaongoza wazee wetu kutoka nyika ya ukame, wakafika hapa wamekonda, wakajisitiri kwenye vibanda vya majani. Mwenye kilima alikuwa Zumbe Magogwa, mtawala wa bonde lote, naye akatamka mbele ya watu: "Mvua ya kwanza ikidondoka, muwe mmekwisha kwenda. Sina nafasi ya wageni." Mawingu yalikuwa tayari yanajikusanya. Watoto walikohoa, wazee hawakuiweza tena safari, na Mwesongo alijua kwamba wakirudi nyikani nusu yao watazikwa njiani.

Sasa, nchi ile ilikuwa na mila moja ambayo hata Zumbe hakuthubutu kuivunja: aliyekanyaga udongo wa kujengea nyumba ya mtu amempa mtu huyo makazi, na hawezi kumtoa tena. Ndiyo maana Magogwa aliwakataza raia zake wasiwasaidie wageni hata kwa kidole cha mguu. Lakini kila mtu ana ugonjwa wake, na ugonjwa wa Magogwa ulikuwa ngoma. Hakuna aliyempita kwa kucheza, na akisikia ngoma ambayo yeye hayumo, chakula hakimshuki.

Basi Mwesongo akachimba udongo mwekundu asubuhi moja, shimo la kumeza ng'ombe kumi, akamwaga maji, akatia samadi na nyasi zilizokatwakatwa, na kando yake watu wake wakasimamisha nguzo na fito. Kisha akaamuru ngoma ipigwe, akatuma salamu bondeni: "Mwambieni Zumbe tumesikia sifa zake. Lakini pakavu hata mbuzi hucheza."

Alikuja mbiombio, njuga miguuni na wachezaji arobaini nyuma yake, asizitazame nguzo wala fito, akaingia matopeni bila kuuliza. Wakacheza tangu jua la asubuhi hadi la alasiri, na kila walipolegea, Mwesongo aliyekuwa akicheza katikati yao aliwachokoza kwamba kwao nyikani saa hizi watoto ndio kwanza wanaanza kutokwa jasho. Hatimaye akainama, akafinyanga donge, akaliona laini, halina ufa hata mmoja.

"Ngoma imeiva," akasema. "Kandikeni."

Watu wake wakajaza fito kwa udongo ule, ndani na nje, na ukuta ukapanda machoni pa Zumbe aliyesimama akihema. Akaitazama miguu yake, myekundu mpaka magotini. Wazee wake wakatazama pembeni, lakini mmoja akashindwa kujizuia, akacheka, na kicheko kikawashika wote mpaka Zumbe mwenyewe akakaa chini kwenye tope akishika mbavu.

"Mwanamke huyu amenijengesha," akatamka. "Kaeni. Na kesho nitakuja kukanyaga udongo wa nyumba ya pili, maana hii moja haikunitosha."

Mwesongo aliishi mpaka wajukuu zake wakaota mvi. Siku ya kufa aliwausia: "Nyumba yangu msiiache isimame tupu. Ibomoeni, mloweshe udongo wake, mumjengee asiye na pa kulala." Ukoo wa Magogwa ndio uliotangulia kuingia matopeni, wakicheza huku machozi yakiwatoka, na mjane mmoja aliyekuja juzi yake kutoka nyikani akapata nyumba. Tangu hapo, sisi watu wa Kwemdolo hatuna desturi ya kumhoji mgeni ametoka wapi wala atakaa siku ngapi. Tunavua viatu.