Ngiri Aliyefanyia Mazoezi Ukweni

Ati, "Bibi, wewe karate huijui, kaa na ugoro wako." Ndivyo alivyoniambia Mhando, mjukuu wangu mwenyewe, mbele ya mkewe, na mimi nimemshikia sahani yake ya mihogo. Wiki tatu tu za karate! Na mahali anapojifunzia ni uani kwa wakweze, na hao anaowapiga ni shemeji zake. Anarudi kifua mbele, ati leo nimewaangusha wote. Nikacheka. Akanuna. Haya, na nyie mnaocheka huko nyuma, sogeeni. Nikiita kale, semeni tupo.

Kale!

Tupo!

Kale ya mbali!

Tupo, tupeleke!

Zamani, zamani hizo, wanyama walipokuwa wakiposa na kuoana kama sisi, alikuwepo Ngiri. Alikuwa na mke, alikuwa na watoto sita, alikuwa na mama yake mzazi ambaye macho yalishapoteza nuru. Wote wanalala shimo moja. Shimo zuri, kavu, mvua haiingii. Na Ngiri alikuwa na tumbo. Akitembea, tumbo linatangulia, yeye anafuata.

Siku moja akaja Nyegere. Mnamjua Nyegere, kadogo vile, mgongo mweupe, na hakamwogopi mtu. Akasimama mlangoni akasema shimo hili amelipenda. Ngiri akamwambia hili ni letu. Nyegere akasema basi tupigane mieleka, atakayeangushwa atoke. Akalitazama lile tumbo, akacheka. Akasema sasa hivi anakwenda kurina asali, atarudi mwezi ukiandama, asije akasingiziwa kampiga mjamzito.

Yule mama mzee akamwita mwanawe. Akamwambia kule kwenye miamba yuko Nyani, anafundisha mieleka, nenda, sisi hatuna pengine pa kulala.

Ngiri akaenda. Nyani akamwambia zunguka kichuguu mara tatu. Mara ya kwanza akakimbia. Mara ya pili akatembea. Mara ya tatu akakaa. Nyani akamwambia haya, ruka kichura. Akaruka kimoja, akaruka cha pili, cha tatu akabaki palepale chini, anahema kama anakata roho. Nyani akamwita Ngedere, mwanafunzi mdogo kuliko wote, akamwambia mtupe huyu mgeni. Ngedere akamtupa. Ngiri akainuka, akatupwa. Akainuka, akatupwa, puu, uso kwenye tope.

Nyani akasema, "Vizuri. Umeanza. Kesho uje utupwe tena."

Ngiri akajiuliza, vizuri kitu gani? Asubuhi yake hawezi kuchuchumaa. Mapaja yanawaka moto. Akienda kujisaidia ashikilie mti. Hakurudi tena. Akamwambia mkewe yule Nyani hana adabu, kwa nini nikalishwe tope na watu nisiowajua, na kwenu kuna kaka zako watatu wenye nguvu? Nitafanya mazoezi na wao.

Akaenda ukweni. Mkwe kaja! Mkeka ukatandikwa. Mama mkwe akachimbua mizizi laini, ile ya wageni. Ngiri akala, akaongezewa, akala. Jioni wakaingia uwanjani. Akamshika shemeji mkubwa, shemeji mkubwa akaanguka. Akamshika wa pili, wa pili akaanguka kabla hajashikwa sawasawa. Wa tatu sasa, yule mdogo mwenye shingo kama gogo, akajilaza chini mwenyewe, akasema shemeji mkono wako mzito.

Wangefanyaje? Nani atamkamata mume wa dada yake amlishe mchanga mbele ya mama mkwe? Nyie mngethubutu? Hamthubutu, nawajua.

Ikawa kila siku hivyo. Asubuhi anakula, mchana analala, jioni anaangusha. Tumbo linaongezeka na mabega anayapanua, njia nzima haimtoshi.

Mkewe alikuwa na akili zake. Akamvuta kando akamwambia, "Baba watoto, hawa hawaanguki. Hawa wanakustahi. Rudi kwa Nyani."

Ngiri akamjibu, "Mwanamke anajua nini mambo ya mieleka?"

Mmeisikia hiyo? Ndiyo hiyohiyo, ila huyu wa kwetu hana pembe.

Mwezi ukaandama, Ngiri yuko shimoni kwake. Nyegere akaja, ananuka asali mwili mzima. Mke wa Ngiri akatoka nje, watoto sita wakatoka, mama mzee akashikwa mkono akawekwa kivulini. Ngiri akajitokeza. Akanyoosha mkono. Akangoja Nyegere aanguke.

Ndiyo, akangoja. Si ndivyo alivyozoea?

Nyegere hakuanguka. Nyegere dada yake hakuolewa na Ngiri. Akaingia chini ya lile tumbo, akalinyanyua na mwenyewe juu yake, puu! Ngiri akasema nimeteleza. Wakarudiana, puu! Akasema jua limenipiga machoni. Wakarudiana, puu! Mara ya tatu mdomo ulikuwa umejaa mchanga.

Nyegere akaingia shimoni, hata kuaga hakuaga.

Mama mzee kule kivulini akauliza, "Mwanangu, tumeshinda?"

Wakamshika mkono, wakaanza kutembea.

Ngiri yeye akakimbilia ukweni na hasira zake. Akawaambia mmenidanganya, mmenivunjia nyumba. Shemeji wote wakainamisha macho. Yule mdogo mwenye shingo kama gogo ndiye aliyesema. Akasema, "Shemeji, ulikuja hapa mkwe, tukakupokea kama mkwe. Kwa Nyani ulipokewa kama mwanafunzi, ukakimbia."

Tangu hapo Ngiri analala kwenye mashimo waliyochimba wengine. Na haingii kwa kichwa. Anaingia kinyumenyume, mkia mbele, macho nje, anatazama Nyegere asije akamtoa na humo. Waulizeni wawindaji.

Basi anayeanza kujifunza aende kwa wasiomwonea haya, akatupwe. Anayekuangukia kwa heshima hakufundishi kitu, anakunenepesha tu.

Ngano yangu naitua hapa, bega limechoka, mwenye nguvu aibebe. Wewe Mwajabu ndiye unayepita kwa Mhando ukienda kisimani. Nifikishie, mwanangu. Mpe yote, usimpunguzie hata neno, na umpe kabla hajaenda kupigana na watu ambao hajawaolea dada.