Gari Lililopita Likiwa Tupu

Kuna jambo nimelifikiria kwa miaka mingi, ndugu zangu, na mpaka leo sijalipatia jibu. Mtu akiwatakia watu wake mema, akawafanyia kile ambacho wao wenyewe walimwomba, kisha jambo hilohilo likawafungia njia, je, kosa liliingilia wapi? Nawasimulia kama mtu asiyejua.

Alikuwako mtu aitwaye Lwitiko, mwenye pikapu kuukuu, katika kijiji kimoja cha milimani wanakolima viazi. Hapakuwa na gari jingine pale. Lilishusha viazi, lakini zaidi lilishusha wagonjwa na wajawazito hadi barabara ya lami, na kutoka hapo hadi hospitali. Njia ya kufikia lami ilikuwa ya udongo, na kila mvua iliichimba mifereji. Kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi watu walitoka kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, majembe begani, wakaifukia kwa mawe na udongo huku wakitaniana. Gari likapita polepole, tumbo likikwaruza, lakini lilipita na watu wake.

Kazi hiyo iliwachosha. Wakamwambia Lwitiko kuwa gari lake lilikuwa chini mno, alinyanyue. Naye akaenda mjini, akapata tairi nne kubwa, za gari la aina nyingine. Fundi Ambilikile alizifunga, kisha akalala chini na kuchungulia kwa muda mrefu.

“Mzee, tairi zimekua, lakini springi ni zilezile za kiwandani,” alisema. “Likiwa tupu litapanda popote. Ukilipakia watu litakaa, na tairi zitasugua bodi.”

“Basi funga springi kubwa.”

“Chesisi itakatika. Hapo utakuwa unatafuta gari jingine, siyo springi.”

Sisemi kwamba Lwitiko alimpuuza. Alirudi nyumbani bila springi mpya. Akalijaribu gari kwenye mfereji mbaya kuliko yote, akiwa peke yake ndani, nalo likapita kama vile mfereji haupo. Wanawake wakapiga vigelegele. Jumamosi iliyofuata hakuna aliyetoka na jembe. Tairi za zamani zilikatwa zikawa viatu vya katambuga, wakagawana.

Siku ya kwanza ya kupakia abiria walisikia kitu kinasugua, ikaja harufu ya mpira unaoungua. Wakakata madigadi yanayofunika tairi. Baada ya wiki chache tairi zikafikia bodi, wakaanza kupunguza watu. Mwanzoni walilichukua kwa utani.

“Mama Lusajo, shuka wewe! Hujapakia kitu na tayari ni magunia mawili!”

“Nishuke mimi, halafu apande mumeo na kile kitambi?”

Wakacheka wote, na Mama Lusajo akashuka. Wakabaki sita. Miezi ikapita, wakawa wanne, kisha wawili, maana springi nazo zilikuwa zikichoka. Huku njia isiyofukiwa ilizidi kuzama, na tairi zile nzito ziliichimba kila zilipopita. Baada ya masika mawili, gari la kawaida lisingeweza kuingia pale kijijini. Lile moja lililoweza, liliweza likiwa tupu.

Lwitiko alikuwa na binti, Sekela, mwenye mimba yake ya kwanza. Uchungu ulimshika asubuhi, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Mkunga alisema bila hospitali hatatoka. Wakamlaza nyuma ya pikapu juu ya godoro, mama yake kichwani, mkunga miguuni. Kwenye mteremko wa kwanza gari likakaa, tairi zikang’ang’ania bodi, moshi ukatoka. Akashuka mkunga. Mbele kidogo likakwama tena. Akashuka mama, akawa anatembea pembeni, mkono wake juu ya ubavu wa gari. Mara ya tatu jani moja la springi lilikatika, na gari likakaa kabisa. Lwitiko akatoka, akasimama nyuma yake. Hapakuwa na kitu kingine cha kupunguza.

“Baba, niteremshe,” Sekela alisema. “Gari limenikataa.”

Wakamteremsha. Lwitiko akarudi kwenye usukani, na gari likainuka na kuondoka bila taabu kuelekea lami. Watu waliokuwa mashambani wakaja mbio, wakafunga machela kwa miti na mablanketi, wakambeba. Sekela alifika hospitali akiwa hai. Mtoto alizaliwa njiani, kwenye nyasi, wala hakulia.

Baada ya maziko wanakijiji walikutana. Mmoja alisema warudie msaragambo. Wakaenda wote kuitazama njia. Mtu mzima alishuka mfereji mmoja na wenzake wakabaki wakiona kofia yake tu. Mwingine akataka tairi ndogo zirudishwe, lakini kwa tairi ndogo gari lingekalia tumbo kabla ya kona ya kwanza. Hakuna aliyemlaumu Lwitiko, na nadhani hilo lilimwelemea kuliko lawama.

Ikaamuliwa kwamba tangu siku hiyo mgonjwa atabebwa kwa machela hadi kwenye lami, ambako njia ni tambarare, na gari litatangulia tupu na kumsubiri huko. Wanaume wanane walikubali kubeba kwa zamu, na mume wa Sekela alikuwa wa kwanza kutaja jina lake. Kutangulia na gari tupu kulikabidhiwa Lwitiko mwenyewe, naye hajakosa hata mara moja: anateremka taratibu, kiti cha pembeni yake hakina mtu, akiwatazama kwenye kioo wanaobeba.